Vibao Viwili vya Bi Mashavu

Bi Mashavu alikuwa anafagia baraza walipofika mabwana wawili, kila mmoja na nyundo yake. Wa manispaa alileta kibao chenye jina la mji wa jirani, maana mpaka ulikuwa umesogezwa na mtaa mzima ukavuka. Wa posta alileta kibao chenye jina la mji uleule wa zamani, maana posta ina ramani yake, na barua zingeendelea kupitia kulekule.

"Nyumba haiwezi kuwa na vibao viwili, mama," alisema wa manispaa.

"Umeona wapi mwanamke kavaa hereni moja, mwanangu?"

Alivifuta vyote kwa upindo wa kanga, akawaonyesha mahali: kimoja kulia kwa mlango, kingine kushoto, vilingane.

"Na mgeni akiuliza yuko mji gani?" aliuliza wa posta.

"Ataambiwa yuko kwa Mashavu."

Walipomaliza, alirudi kinyumenyume mpaka barabarani aitazame nyumba yake. Vibao vilimeremeta juani. Masikio yake mwenyewe yalikuwa matupu, lakini aliigeuza shingo taratibu, huku na huku, kama anayesikia uzito wa dhahabu.