Chupa Isiyotakiwa

"Toka tena," bibi alimwambia binti yake. Alikuwa amevaa gauni la binti huyo ili amhadae mtoto, limembana makwapani kweli kweli. "Mtoto akikusikia harufu, mimi hata hanitazami."

Binti alitoka. Ilikuwa siku ya tisa ya kutimuliwa asubuhi, akae kwenye kiti cha fundi viatu mtaa wa pili, blauzi ikilowa kifuani, huku mama yake akipambana na mtoto wa miezi mitano na chupa ya maziwa ya kopo.

Safari ilikuwa Ijumaa. Hoteli moja ya ng'ambo ilitaka wafuaji wa mashuka, mkataba wa miaka miwili. Binti aliitaka kazi ile kwa moyo wote: kitanda chake mwenyewe, mshahara wenye jina lake. Lakini alikuwa amejiapiza kuwa hamwachi mwanawe mpaka aizoee chupa.

Dada yake mkubwa naye alikwenda kwa miaka miwili. Huu ulikuwa wa saba. Mtoto wake alikuwa darasa la kwanza, na mama aliyemjua ni bibi.

Hata hivyo bibi hakumzuia. "Nenda ukatafute, mwanangu. Mimi nipo," alisema, akakunja mikono ya gauni. Alijaribu maziwa ya moto, ya vuguvugu, ya baridi. Aliimba, akatembea chumba kizima, akambeba mgongoni. Alimtuma binti duka la dawa akanunue chuchu laini, kisha laini zaidi.

Saa tano binti alirudi. Mtoto alikuwa amelala, jasho puani. Bibi alikuwa anasuuza chupa.

"Amekunywa?"

"Wapi! Mume wangu huyu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kalia mpaka kachoka. Maziwa nimeyamwaga, yangechacha."

Binti alimpa ziwa. Mtoto alivuta mara mbili tatu, akalala tena. Uchovu wa kulia, maskini.

Jumatano walikwenda kliniki. Muuguzi aliutazama mzani, akamtazama mtoto, akacheka.

"Huyu ndiye hali? Kesho kutwa mtambeba wawili."

"Usiku ananyonya kufidia," binti alijibu, na miayo ikamkatiza.

Alhamisi kopo la tatu lilikwisha. Binti aliligeuza, akaligonga chini kwa kiganja, hakikutoka kitu. Makopo matatu, na mtoto hajameza hata tone! Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikuwa amechoka na kiti cha fundi viatu, amechoka na simu za wakala wa ajira, amechoka kuuliza swali lilelile kila saa tano na kujibiwa vilevile. Akachukua simu.

"Nafasi yangu mpe mwingine," alimwambia wakala. "Mtoto amekataa chupa."

"Una hakika? Wapo wanaoisubiri. Nikishampa mtu, basi."

"Nina hakika."

Alipokata simu alilia kama mtoto. Bibi alimkumbatia, akalia naye, na machozi yake hayakuwa ya kuigiza.

"Pole, mwanangu. Riziki haivutwi kwa kamba. Kajinyooshe kidogo, mtoto niachie mimi."

Binti alijitupa kitandani na viatu miguuni. Hakuchukua hata dakika mbili, akaanza kukoroma.

Bibi alimchukua mjukuu wake jikoni, akarudishia mlango taratibu. Akapitisha mkono nyuma ya gunia la mkaa, akatoa kopo jipya, akakoroga maziwa kwenye chupa. Mtoto alipoiona alirusha miguu, akanyoosha mikono yote miwili na kufumbua mdomo.

"Polepole, mume wangu," bibi alinong'ona, "usije ukapaliwa kama jana."