Kijiti cha Mwisho cha Mbluberi

"Lete hilo kopo nimwage mchanga, mama watoto. Hicho kijiti kimeshakufa," mumewe alisema, mkono ameunyoosha.

Mwanaheri alilikumbatia kopo. Mchwa walikuwa wameitafuna mizizi ya mbluberi wake, mti wa matunda ya buluu na hakujua mwingine kama huo Kasulu nzima. Kabla haujakauka alikata vijiti, akavichomeka kwenye makopo ya mchanga. Vingine vyote vilioza. Kilibaki hiki, nacho hakikuwa na hata jani.

"Ngoja kwanza," alisema. Akakishika kwa vidole viwili, akakivuta taratibu, kama mtu anayejaribu jino la mtoto linalolegea.

Hakikutoka.

Akavuta tena. Kule chini mchangani kuna kitu kilikuwa kimeng'ang'ania, chembamba kama uzi lakini hakiachii.

"Kimeshika! Kina mizizi, baba! Hebu jaribu, ila polepole!"

Mumewe akachuchumaa, uso umejaa shaka. Akavuta kidogo, akatulia, akavuta tena. Macho yakamtoka.

Akaruka wima, akapaza sauti juu ya ua mpaka kwa jirani:

"Jamani, fungeni mbuzi wenu, wasije wakatafuna kijiti chetu!"