Shujaa wa Maji

Jiji la wanyama lilipopungukiwa na maji, wakubwa walitangaza punguzo la kodi kwa kila mkazi atakayepunguza matumizi. Kiboko, aliyekuwa akioga kutwa nzima, aliacha kuoga baada ya chai ya saa nne. Akavishwa shada na kuitwa shujaa wa mazingira.

Digidigi, ambaye tangu azaliwe hulamba umande tu, naye akaenda ofisi ya maji kuomba punguzo.

“Wewe umepunguza nini?” aliuliza Korongo, bosi wa maji.

“Sina cha kupunguza, mheshimiwa. Hata bomba sijawahi kufungua.”

“Basi hujatusaidia kitu, ndugu yangu. Jifunze kwa Kiboko.”

Digidigi alirudi nyumbani, akafungua bomba, akaliacha limwage maji mpaka barabarani.

“Una wazimu?” majirani wakapiga kelele.

“Niacheni,” akajibu. “Natafuta cha kupunguza.”