Mkia wa Herufi

Afisa wa mbwa wa manispaa alisimama mlangoni, kamba mkononi. "Shikamoo, mzee. Tumeletewa malalamiko. Mbwa wako anang'ata watu."

"Marahaba. Huyu?" Mzee alicheka. Mbwa mwenyewe, kibogoyo wa miaka kumi na minne, alikuwa amelalia kandambili zake. "Ang'ate kwa fizi? Nani kasema?"

"Jina halitajwi, mzee. Ndiyo sheria."

"Basi nionyeshe tu hayo maneno. Hata mwizi husomewa shtaka."

Afisa akakunjua barua, kidole gumba kikiziba jina.

Mzee hakufika mstari wa pili. Kila *g* ilikuwa na mkia uliojikunja kama ndoana. Mkia ule aliubuni mwenyewe, enzi zake za kuchora mabango ya maduka, na alimfundisha mtu mmoja tu, akiwa ameushika mkono wake mdogo kwenye meza ya jikoni. Binti yake. Huyo huyo anayepiga simu kila Jumapili: "Baba, njoo tukae wote. Ila mbwa hapana, mwenye nyumba hataki." Na kila Jumapili mzee humjibu kwamba hawezi kumtupa mwenzake.

Alirudisha karatasi.

"Vipi, mzee? Unamjua aliyeandika?"

"Namjua."

Akainama polepole, akamnyanyua mbwa na kumpakata kifuani.

"Mwambie aje amchukue mwenyewe. Huu mwaka wa pili sijamtia machoni."