Kasi ya Mia Mbili

Nyanya kutoka Ngoliba alirudi studio kwa mara ya tatu, akaiweka picha yake mezani. Uso ulikuwa umevurugika, macho manne, pua haionekani.

"Karani wa ofisi ya pasi amekataa tena," alisema. "Anasema nilitingisha kichwa makusudi, nisijulikane. Bila picha sipati pasi ya serikali ya kutoka kijijini, na binti yangu ni mgonjwa huko Ruiru."

Kichwa chake kilikuwa kikitetemeka tangu homa ya mwaka uliopita. Mwenye studio hakuinua macho. "Nilimwambia atulie. Hawa watu hawasikii."

Surekha, binti wa mwenye studio, alikuwa na wiki mbili tu za kujifunza kupiga picha. Aliishika kamera, akaitazama pete ya kasi, ile inayopanga kamera ibaki wazi kwa muda gani. Ilikuwa kwenye nusu sekunde, kwa sababu chumba kilikuwa na giza. Katika nusu sekunde, kichwa cha nyanya kilienda na kurudi mara mbili.

Damu ilimchemka. "Baba, si yeye. Ni sisi. Tuliacha kamera wazi muda mrefu, kisha tukamwacha aitwe mwongo."

"Rudisha kamera mahali pake."

Hakuirudisha. Alibeba kiti, akamtoa nyanya nje kwenye jua la saa nne, barabarani, watu wakiangalia. Akazungusha pete mpaka sehemu moja ya mia mbili ya sekunde.

Nyanya alikaza shingo mpaka mishipa ikasimama. "Nisipumue?"

"Pumua, nyanya. Tetemeka utakavyo," Surekha alisema, akabonyeza.