Ufa Kwenye Kifuniko cha Distributa

Fundi alichovya vidole kwenye kopo la maji, akanyunyizia kifuniko cha distributa. Injini ikaanza kumisi, ikakohoa mara mbili, ikazima.

"Umeona, mzee? Haya, piga stata."

Nilipiga mpaka betri ikachoka. Gari halikuwaka.

Akakifungua kifuniko, akakifutia shati lake, akatuonyesha mimi na dada yangu ufa mwembamba kama unywele. "Moto wa kwenda kwenye plagi unapotelea hapa. Penye unyevu, gari lenu ni banda la kuku. Jua likilipiga, linawaka kama limetoka dukani jana. Tazama masizi yalivyojaa humo. Ugonjwa wa miaka mingi huu."

Nikamkumbuka mama.

Asubuhi ile mama alipozidiwa, shemeji alisema gari hili limegoma. Mama akafia kitandani. Mchana nikapiga stata mwenyewe, likawaka papo hapo. Nikatangaza mbele ya wote waliokuja msibani: "Huyu mwongo! Hakutaka tu kumpeleka hospitali." Wiki ileile dada akamfukuza mumewe.

Sasa dada alikuwa amekishika kile kifuniko kwa mikono miwili.

"Kaka, usiku wa kuamkia siku ile, mvua ilinyesha?"

Ningeweza kusema sikumbuki.

"Ilinyesha mpaka alfajiri," nikamjibu.

Hakunitazama. Akatoa simu yake, akatafuta namba, akanikabidhi. "Mwambie wewe."

Iliita mara moja tu.

"Mama watoto!" shemeji akaitikia, pumzi zikimpaa kwa furaha. "Ni wewe kweli?"