Ushahidi wa Beki Bora

Siku hizi mpira unachezwa ndani ya kompyuta, na wachezaji ni nakala za marehemu. Nakala ya mume wangu Mbwana iliwania tuzo ya beki bora. Beki asiyeshinda hufutwa, na familia hunyang'anywa zile dakika kumi za kuongea naye kila Ijumaa, majaji wakisikiliza.

Nikaenda kumtetea. Nilipotaja mabao aliyookoa, majaji walipiga miayo. Mmoja, mdomo umejaa sambusa, akauliza, "Nyumbani je, mama, alikuwa mkali? Watazamaji wanapenda beki katili."

Mbwana wangu akimwangusha mtu uwanjani, alimnyanyua mwenyewe. Nyumbani hakuwahi hata kunipandishia sauti.

"Alikuwa akinipiga," nikasema. Wakatabasamu, wakaandika. Yule wa sambusa akalamba vidole.

Tukashinda. Ijumaa uso wa Mbwana ukatokea ukutani, ameinamisha macho.

"Mama Rukia, wamenisomea ushahidi wako. Mimi sikumbuki, lakini wewe si mtu wa kusema uongo. Nisamehe kwa kukupiga."

Majaji walikuwa wakisikiliza. Nikamwambia nilishamsamehe zamani.